Jicho la Ruhusa

Sauti iliyoniletea mwaliko ilikuwa ya Espérance, binti mkubwa wa Maman Nzigire. Nilimtambua kabla hajajitaja, kwa sababu anaongea kama alivyokuwa akiongea mama yake, mbio mbio, kama mtu anayehofia salio la simu litamkatikia. Alisema mwaka wa msiba umetimia, kwamba familia inaanua matanga kwa chakula cha pamoja kule Forest, mtaa wao wa Brussels, na kwamba mimi na Zuhura tusipofika yeye hajui atamweleza nini marehemu. Nilikuwa barazani kwangu Kigoma, ungo wa mchele magotini. Habari ya kifo chenyewe nilikuwa nimeipokea mwaka uliotangulia, na nililia mpaka majirani wakaja kunishika. Safari hii nilijikuta natabasamu peke yangu, maana kitu cha kwanza kunijia hakikuwa sura ya Maman Nzigire. Ilikuwa meza ya jikoni kwake, ile yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, ambayo aliigonga kwa kiganja kila alipotaka kusema neno zito. Watu wakisikia niliwahi kuishi Brussels huniuliza habari za majengo na chokoleti, na mimi huwajibu wanachotaka kusikia. Lakini kwangu mji ule ni meza: meza hiyo ya jikoni, meza ndefu ya maabara nilikosomea, na meza fupi za shule ya watoto wadogo, ambazo mtu mzima akikaa magoti yanamfika kidevuni. Karibu kila kitu cha maana kilichonipata mwaka ule kilinipata nikiwa nimekaa mbele ya mojawapo.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikwenda kwa masomo ya mwaka mmoja ya kupima maji, nikaenda na Zuhura aliyekuwa na miaka mitatu. Jinsi nilivyopata nafasi ile, na nani alisema nini nyumbani nilipotangaza kwamba naondoka na mtoto, ni habari niliyokwisha kuichoka kuisimulia. Inatosha kwamba tulifika mwezi wa Septemba, wawili, na masanduku yetu na mkeka mdogo uliokunjwa ambao Zuhura alikataa katakata kuuacha. Mkenya mmoja wa chuoni ndiye aliyenitafutia chumba, katika nyumba nyembamba ya matofali mekundu iliyobanwa na wenzake kushoto na kulia. Ngazi yake ya mbao ililalamika kila ulipoikanyaga, na dirisha letu la juu lilitazama mabati ya kiwanda cha magari. Mwenye nyumba alitufungulia mlango akiwa na aproni, mwiko mkononi, akamtazama mtoto kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Karibu, karibu. Weye njo Maman Zuhura? Bon. Mutoto iko na njaa. Mukae, mukule kwanza, maneno itakuya nyuma."

Huyo ndiye Maman Nzigire. Alitoka Bukavu, Kongo, alifika Ubelgiji mkimbizi na watoto wake, na wakati ule alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha Wabelgiji waliokwisha kusahau hata majina ya watoto wao. Alikuwa mpana, mcheshi, na mwenye amri. Mimi niliyekulia Kigoma, Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa sikukiona kigeni, nilikisikia sokoni tangu utotoni, lakini nilikuwa na kiburi changu cha shule, nikadhani changu ndicho lugha na chake ni utani. Kabla ya Krismasi mwenyewe nilikuwa nikisema "njo vile" badala ya "ndivyo hivyo" bila kujijua. Siku hiyo ya kwanza alitupakulia bugali, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na sambaza, wale dagaa wa Kivu ambao kila mtu aliyetoka Bukavu lazima amletee kwenye begi. Zuhura aliketi wima, mikono mapajani, akanitazama. Kisha akala, akamaliza, akasema asante. Maman Nzigire akagonga meza. "Huyu mutoto balimufundisha adabu! Espé, unaona? Mutoto wa bantu!" Nilivimba kichwa, siwezi kuficha. Adabu ya mtoto ni sifa ya mama, na mimi ya kwangu nilikuwa nimeifanyia kazi.

Kwa wiki za mwanzo niliupenda mji ule kiasi cha kuwaudhi wenzangu chuoni, waliokuwa wakilalamikia mvua. Mimi mvua ile nyembamba isiyokata shauri niliiona ya kiungwana, inakulowesha bila kukushtua. Niliwapenda vibibi waliobeba mbwa kwenye mikoba yao, nikapenda tramu zinavyopiga kengele kwa upole kabla ya kukukaribia. Jumamosi tulikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo huko Ixelles, kwenye ujia wa maduka, Zuhura akasukwa nywele na dada mmoja wa Goma huku wateja wote wakigombana kwa Kilingala juu ya muziki. Lakini kilichonivutia kuliko vyote ni shule. Kule mtoto hata hajafika miaka mitatu anapokelewa, na shule ya karibu na kwetu ilimpokea Zuhura bila kunizungusha. Kila mtoto alikuwa na kulabu yake ya koti, na juu yake picha, kwa sababu bado hawajui kusoma. Yake ilikuwa konokono. Mwalimu wao, Madame Colette, alikuwa mwanamke mrefu, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, na kila asubuhi alipiga goti mlangoni ili amsalimie kila mtoto uso kwa uso. Mimi nilisoma kwa walimu niliowaona tangu viatu mpaka kiunoni, juu ya hapo sikuthubutu kutazama. Kuona mwalimu mzima anampigia goti mtoto wangu, na kesho yake tena, na keshokutwa, kulinifanya niende maabara roho kwatu.

Kisha kisanduku cha chakula kikaanza kurudi kimejaa. Pale watoto hula mchana shuleni. Wanapewa supu, na kila mmoja ana kisanduku chake cha mkate kutoka nyumbani. Visanduku vinawekwa asubuhi kwenye kapu kubwa, na saa ya kula mwalimu ndiye anayevigawa mezani. Zuhura hakugusa supu wala mkate. Madame Colette alidhani ni nyama, kwamba sisi Waislamu tunaogopa nguruwe, akahakikisha supu yake ni ya mboga tupu na akaniita niione sufuria. Hakula. Mimi nikadhani ni ubaridi, maana Wabelgiji mchana wanakula mkate mkavu na kuuita chakula. Nikamfungia wali kwenye chupa ya kutunza joto, siku nyingine chapati, siku nyingine ndizi za kukaanga alizozipenda kuliko roho yake. Vyote vilirudi. Kila asubuhi kwenye ngazi nilimwambia, "Shuleni ule, umesikia mwanangu?" Akasema amesikia. Jioni nilimuuliza mbona hakula, akanijibu kwa heshima zote, "Nilishiba, mama." Kisha akakaa kwenye meza ya maua ya njano akala bugali ya mtu mzima, Maman Nzigire akimwongezea na kunitazama kwa macho yaliyouliza kitu.

Majira ya baridi yalipokaza, mtoto alikuwa amepungua. Ukimvua koti jekundu la mtumba lililompa umbo, unakuta vimbavu. Madame Colette aliniambia, kwa Kifaransa cha polepole alichonikatia vipande vipande, kwamba mchana Zuhura hana nguvu, wenzake wakicheza yeye anajilaza kwenye zulia. Daktari wa shule akampima, hakukuta ugonjwa, akasema jambo ambalo hata mimi ningelisema kama ningekuwa yeye: mtoto asiyekula mchana asikae mchana. Iwapo hali haitabadilika mpaka likizo ya Karnavali, mwishoni mwa baridi, awe anachukuliwa kabla ya chakula. Walilisema kwa huruma, nami nililipokea kwa kichwa cha kuitikia. Lakini maabara yetu ilikuwa mchana. Ukiikosa maabara huna masomo, na ukikosa masomo huna cha kukuweka Ubelgiji. Yalibaki mawili: niache kozi turudi wote, au nimtafutie mtu wa kusafiri naye arudi kwa bibi yake Kigoma, mimi nibaki na vichupa vyangu vya maji. Nilimpenda mtoto yule kama nafsi yangu, na kazi ile niliipenda pia, na sikutaka kuombwa nichague.

Jioni moja nikiwa nashuka kuchukua maji ya moto nilisikia sauti jikoni nikasimama juu ya ngazi. Ngazi ile haikuwa na siri, lakini safari hiyo ilininyamazia.

"Maman, ule mutoto anakonda," Espérance alikuwa akisema. Alikuwa kwenye miaka ya mwisho ya sekondari, na hakuwa na kawaida ya kupamba maneno. "Bamurudishe kwa koko yake, kule Kigoma."

"Unyamaze, Espé."

"Miye nasema tu."

"Alors, mama yake akirudia bila diplôme, alikuya huku kufanya nini? Na mutoto akibakia bila kula, diplôme itamusaidia nini?" Nilisikia kiganja kinagonga meza, taratibu, si kwa ukali. "Miye sijue. Kule kazini niko na muzee mumoja, haikule mpaka nimuimbie. Nimemuimbia huyu mutoto pia, hapa nyumbani. Mais hapa anakulaka! Njo kitu inanishinda. Sijue, kweli sijue."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona Maman Nzigire kama mtu mwenye jibu la kila jambo, la hati, la baridi, la unga wa mhogo unapouzwa. Kumsikia akisema hajui kulinitisha kuliko daktari. Nililia kwa kificho, nikapanda juu bila maji.

Asubuhi akanikuta nafunga kisanduku. Hakuniambia kama alijua nilisikia. Alisema amebadilishana zamu na mwenzake, na kwamba tunakwenda shuleni sote, kwa sababu Kifaransa changu kinatosha kununua vitunguu tu. Alivaa kitenge chake kizuri na juu yake koti la baridi lililomfika vifundoni. Watoto walipotoka kwenda uwanjani, tulibaki darasani wanawake watatu kwenye vile viti vya watoto: Madame Colette miguu imekunjana, mimi nimejishika magoti, na Maman Nzigire ameketi nusu tu, nusu ya pili iko hewani. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Madame Colette hakunituhumu lolote. Alisema amekuwa akimtazama Zuhura. Walimu wenzake wote wanautazama mkate usioliwa, yeye akaona heri amtazame mtoto. Alieleza kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono, na Maman Nzigire akawa anatafsiri, sauti ikimpungua kadiri alivyoendelea.

"Bon. Anasema hivi. Chakula haimuchukize, anainusaka. Anakaaka muzuri, mikono chini. Anamuangalia yeye Madame, kisha anaangalia mulango. Mulango ikifunguka, mukono yake inaenda kwa kijiko. Akiona haiko ule muntu, mukono inarudia." Akanigeukia. "Kila siku njo vile. Anasema mutoto anangoja muntu. Anakuuliza: anangojaka nani?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza sentensi, na nilishangaa kwamba miezi yote ile sikuwa nimejua, nami ndiye niliyemfundisha.

Sisi kwetu mtoto hali nyumbani kwa watu mpaka mama yake amruhusu, na ruhusa yenyewe haitoki mdomoni. Mdomo ni wa wenyeji. Mwenyeji akisema "mwache mtoto ale," mama lazima aseme "kula, mwanangu, kula," hata kama chakula cha nyumba ile ni kidogo na wenyewe bado hawajala, hata kama anajua fika kwamba leo si siku ya kula pale. Atakataaje mbele ya mwenyeji? Basi mtoto hasikilizi mdomo, anatazama jicho. Mama akilikaza, unasema nimeshiba, asante, na unameza mate. Mama akifumba macho polepole mara moja na kuyafumbua, unanawa mikono. Mimi nilifundishwa hivyo na mama yangu kwa finyo chini ya meza, na Zuhura nilimfundisha bila finyo, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kushika. Jikoni kwa Maman Nzigire alinitazama kila siku kabla ya kula, nikampa jicho bila kufikiri, kama mtu anavyopumua. Na shule je? Shule ilikuwa nyumba ya Madame Colette. Hata chapati zangu zilifika mezani zikitoka mkononi mwake. Ule "ule shuleni, umesikia" wa kwenye ngazi ulikuwa maneno ya mdomo, na mtoto mwenye malezi hayaamini maneno ya mdomo. Kwa hiyo aliketi wima kila mchana, akasikia harufu ya supu, akautazama mlango, akaningoja niingie nimfumbie macho.

Nilitamka neno moja tu kwa Maman Nzigire: "Jicho."

Alijipiga paja, kiti kikamkimbia akakaa chini sakafuni. "Yezu wangu! Jicho! Anangoja jicho ya mama yake!" Alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi vile vile, na Madame Colette akabaki anatuangalia kwa subira, miwani mkononi. Kumweleza kwa maneno kulishindikana, basi Maman Nzigire akaamua kuigiza. Mwenye nyumba ni yeye. Mama ni mimi. Mtoto ni kiti kitupu. Akakisogezea kile kiti sahani ya plastiki ya kuchezea. "Kula, mutoto wangu, kula!" akasema kwa sauti ya sukari, na mimi nikasema "kula, mwanangu," macho nimeyakaza. Akakishika kiti akakitikisa kichwa, yaani mgongo. "Unaona, Madame? Haikule! Kinywa inasema ndiyo, jicho inasema hapana. Mutoto haisikie kinywa!" Kisha tukarudia, safari hii nikafumba macho polepole nikayafumbua, na kiti kikala mpaka kikapiga mbweu.

Ningemsamehe Madame Colette kama angecheka. Hakucheka. Aliuliza kwa utulivu jicho lenyewe linafumbwa vipi, haraka au polepole, na kichwa kinainama au hakiinami. Akataka nimwonyeshe tena. Akajaribu. La kwanza lilimtoka upesi, jicho moja likatangulia, na Maman Nzigire akapiga kelele, "Non, non, Madame! Ile iko ya kuita bwana!" Nilimtafsiria kwa Kifaransa changu cha vitunguu, akawa mwekundu shingo yote, na hapo ndipo alipocheka. Lakini alijaribu tena, na tena, amekaa kwenye kile kiti kifupi, mwanamke aliyesomesha watoto tangu mimi sijazaliwa, anajifunza kufumba macho kwa sababu ya mtoto mmoja wa Kigoma. Nimekutana na watu wengi wenye elimu tangu siku ile, na baadhi yao nimewaheshimu, ila sijamwona mwingine aliyejifunza jambo kwa unyoofu wa namna ile.

Kesho yake niliomba ruhusa ya siku moja maabara. Saa ya chakula nilisimama kwenye mlango wa chumba chao cha kulia. Kelele za vijiko, harufu ya karoti, madirisha yamelowa mvuke. Zuhura aliniona kabla sijamwona. Hakuniita, hakukimbia. Alikaa wima zaidi, mkono tayari karibu na kijiko, macho kwangu. Nikamfumbia. Mtoto akala. Alikunywa supu, akala mkate wake, akala na biskuti ya jirani yake aliyekuwa ameduwaa, huku mimi nimeegemea mlango. Alipomaliza nilikwenda pale mezani nikafanya kama tunavyofanya nyumbani unapomwachia dada yako mtoto. Nilimshika Zuhura mkono, nikauweka mkononi mwa Madame Colette, mbele ya macho yake. "Huyu ni mama mkubwa," nikamwambia. "Hapa jicho ni lake." Zuhura alimtazama Madame Colette kwa muda mrefu, kama anayekagua. Madame Colette akapiga goti, akamtazama, akafumba macho polepole, akayafumbua. Lilikuwa jicho safi kabisa. Hata mama yangu asingelitoa kasoro.

Tangu siku hiyo Zuhura alikula. Daktari alimpima baada ya Karnavali akatikisa kichwa kwa mshangao akamwandika mzima, na habari za nusu siku zikaisha, na mimi nikamaliza maabara zangu zote. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Watoto wadogo wanaiga, na wenzake waliona kwamba Zuhura hagusi kijiko mpaka Madame amtazame kwa namna fulani, wakaona ni jambo la heshima linalowapita. Kufikia majira ya maua, darasa zima, Wabelgiji, Wamorocco, mapacha wa Kipolandi, lilikuwa likikaa mikono mapajani mbele ya supu, kimya, likingoja jicho. Madame Colette alikuwa anazunguka meza akimfumbia kila mmoja. Wazazi wakaja kuuliza kwa nini watoto wao nyumbani wanakaa mbele ya chakula wanawakodolea macho, na yeye akawafundisha. Napenda kufikiri kwamba mpaka leo iko nyumba Forest ambamo mzungu mzima anamfumbia mwanawe macho juu ya sahani ya viazi vya kukaanga bila kujua jambo hilo lilitoka wapi.

Maman Nzigire naye aliamua kwamba deni la adabu halilali. "Muntu mwenye kulisha mutoto wetu, na miye namulisha," akasema, na Jumapili iliyofuata Madame Colette alikaa jikoni kwetu, kwenye maua ya njano, akamega bugali kwa vidole vyake virefu na kuidondosha mara mbili tatu kwenye sombe. Alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Mimi na Zuhura tulipoondoka mwezi wa Agosti wale wawili walitusindikiza uwanja wa ndege wakibishana kuhusu pilipili. Urafiki wao haukuwa na haja yetu tena. Uliendelea miaka yote, ugonjwani na hospitalini, na Espérance aliniambia kwamba siku za mwisho mama yake alipokataa chakula cha kila mtu, ni Maman Colette, kama wanavyomwita sasa, aliyekuwa akimpa kijiko.

Kwa hiyo tulikwenda. Zuhura sasa ni mwanamke mzima, mrefu kunishinda, anafundisha hesabu Dodoma, na ndani ya ndege aliniambia kwamba mwaka ule haukumbuki hata kidogo, isipokuwa picha ya konokono. Nilivunjika moyo kidogo. Tramu ilitupitisha kwenye kile kiwanda cha magari, kimefungwa, geti lake limelala. Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama waliovaa kitenge cha aina moja, picha ya Maman Nzigire imepambwa maua mbele, na harufu ya mawese ilinifikia tangu nje nikamshika Zuhura bega. Watu waliimba, wakatoa sala, wakasimulia vituko vyake mpaka wenye kulia wakacheka. Kisha chakula kikaja. Zuhura, ambaye hajui kukaa kama mgeni, alikwisha kufunga kanga kiunoni anazunguka na jagi la maji ya kunawa.

Madame Colette walikuwa wamemketisha meza ya wenye msiba. Nywele zake ni nyeupe tupu, fimbo imeegemezwa kwenye kiti. Tulikumbatiana kwa muda mrefu. Espérance akamwekea sahani: bugali, sombe, sambaza. Watu wote walikula. Yeye hakula. Aliketi wima, mikono mapajani. "Maman Colette, kula! Kula, maman, itapoa," Espérance alimsihi, kisha akamsihi kwa Kifaransa, na yeye akatabasamu akamshukuru bila kugusa kitu. Nilidhani ni uzee, au ni huzuni, maana ile ilikuwa sombe isiyopikwa na rafiki yake. Kisha nikaona anatazama upande wetu, nikaelewa, nikanyoosha shingo niyafumbe macho yangu kwa ajili yake. Lakini hakuwa ananitazama mimi.

Zuhura alikuwa nyuma yangu, jagi mkononi. Alisimama. Sikumwambia kitu, wala sikuwahi kumsimulia habari hii kwa ukamilifu kama ninavyoiandika hapa. Alimtazama mwalimu wake, akafumba macho polepole, mara moja, akayafumbua.

Madame Colette akakunja mkono wa sweta yake, akamega bugali, akala.